Kamera Kubwa ya Magazeti: Kagua Kabla Hujatoa Fedha

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya kamera kuukuu methali hiyo yataka uangalifu, kwani hata kamera mbovu, ikisha kung'arishwa, nayo hujiuza. Iwapo wewe au kijana wako mmekusudia kununua kamera kubwa waliyotumia wapiga picha wa magazeti zamani, ili kujifunza ufundi au kujipatia riziki kwa picha za arusi, jihadharini akiba ya nyumba isije ikaishia kwenye pambo la kabatini.

Kuitamani si kosa. Negativu yake ya sentimita 6 kwa 9 huizidi ile ya milimita 35 zaidi ya mara tano kwa eneo, hivyo picha hukuzwa sana bila kufifia.

Aina mbili zafaa kufikiriwa, zote za Kijapani. Mamiya Press, iliyotoka mwaka 1960, hubadilishwa lenzi na kisanduku cha filamu. Lakini kuvuta filamu na kutega shata ni kazi mbili mbalimbali. Ukisahau kuvuta filamu, picha mbili hulaliana. Katika Koni-Omega Rapid, mpini mmoja huvutwa na kusukumwa, filamu ikasogea na shata ikategwa. Kwa arusi, ambako bibi arusi hakungojei, hiyo ya pili ndiyo bora. Kwa mandhari na picha za utulivu, chukua Mamiya.

Ukifika kwa muuzaji, usione haya kukagua. Weka shata kwenye sekunde 1, fyatua, kisha sikiliza: ikikwama katikati, yahitaji fundi. Mulika lenzi kwa tochi; nyuzi mithili ya utando wa buibui ni kuvu. Tazama mwezi kupitia kipima-umbali, lenzi ikiwa imewekwa kwa umbali wa mwisho. Miezi miwili isipoungana kuwa mmoja, picha zako hazitakuwa kali. Mwisho, omba kupiga filamu moja na kuisafisha. Mistari ya mwanga kwenye negativu yaonyesha kuwa kisanduku kinavuja.

Usishawishiwe pia na kisanduku cha picha za papo hapo. Mwaka 2016 Fujifilm ilitangaza kukomesha filamu ya FP-100C iliyotumika humo. Tafuta kisanduku cha filamu ya 120, ambayo ingali ikitengenezwa.

Hatimaye, kaeni na mwenzako mpige hesabu. Filamu moja ya 120 hutoa picha 8 za sentimita 6 kwa 9, au 10 za 6 kwa 7. Jumlisha bei ya filamu na ya kuisafisha, kisha gawanya kwa idadi hiyo. Ikiwa gharama ya kila picha itawanyima watoto daftari, iacheni kamera dukani. Ikiwa mnaimudu, nunueni ile iliyofaulu majaribio, hata kama rangi yake imechubuka.