Kabla Fundi Hajatoboa Ukuta

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, dishi hufungwa pale waya unapofika kwa urahisi: juu ya dirisha la sebule au kwenye kona ya bati. Fundi akishapata mawimbi anakunja ngazi yake na kuondoka. Baada ya muda picha inaanza kuganda kila upepo unapovuma, king'amuzi kinalaumiwa, kumbe ni makuti ya mnazi wa jirani.

Setilaiti za matangazo ziko juu ya Ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi, na huzunguka sambamba na dunia, ndiyo maana dishi likishalengwa halihitaji kufuata kitu. Ile ya Azam TV iko nyuzi 7 Mashariki. Kwa mtu wa Dar, hiyo ni magharibi, ikipinda kidogo kaskazini, na imeinuka nyuzi kama 52. Ya DStv, nyuzi 36 Mashariki, iko karibu na utosi. Kwa hiyo dishi la DStv hushika hata kwenye ua mwembamba wenye kuta pande zote, wakati la Azam hapo hapo huzibwa na ghorofa upande wa machweo. Mnazi wa mita 20 upande huo unataka dishi lililo chini likae mbali nao zaidi ya mita 16.

Usihukumu kwa kutazama uso wa dishi. Madishi haya madogo hupokea mawimbi kutoka juu zaidi ya yanakoonekana kuelekea, na wengi huhangaika kuhamisha dishi ambalo halijazibwa na chochote.

Kwa dishi la Azam, kipimo ninachokiamini ni jua lenyewe. Kati ya tarehe 20 na 25 Machi, kwenye saa tisa alasiri, jua hupita karibu kabisa na ilipo setilaiti hiyo. Simama pale unapotaka kufunga dishi: kivuli kikikuangukia, tafuta pengine. (Siku hizo picha huweza kukatika kwa dakika chache, usimwite fundi, itarudi yenyewe.)

Penye uwanja, mimi nachagua nguzo ya chuma iliyozamishwa kwenye zege kuliko bati linalotetemeka. Na mwulize jirani wa magharibi kama ana mpango wa kupandisha ghorofa. Mche wa mwembe ulioko upande huo uhamishe sasa, ungali unang'oleka kwa jembe.