Mlima Elgon: Huku ndovu huingia pangoni usiku kutafuta chumvi

Wikendi ikifika, simu yako hujaa picha za watu waliopanda Longonot au Milima ya Ngong. Si vibaya. Lakini hebu nikuulize, umewahi kufikiria Mlima Elgon? Wengi wetu tuliusoma tu shuleni, ule mlima wa mpakani na Uganda, tukajibu swali la mtihani, basi.

Tatizo la Elgon ni kwamba hauvumi kwa urefu. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda. Upande wetu tuna Koitobos, mita 4,222. Ukilinganisha na Batian ya Mlima Kenya, mita 5,199, utasema huu ni mdogo wake tu. Kumbe ukubwa wa Elgon uko kwenye kitako! Ni volkano iliyozimika zamani sana, na kitako chake kina upana wa kilomita 80 hivi. Unaweza kuwa umeshaanza kuupanda ukiwa ndani ya matatu na usijue.

Sehemu ya Kenya ilitengwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1968, kilomita 169 za mraba. Unafika Kitale, unapitia Endebess hadi lango la Chorlim. Ndani kuna msitu mzito wenye mbega na nyati, halafu mianzi, halafu juu kabisa nyika baridi yenye lobelia ndefu kumshinda mtu. Mto Suam huanzia huko kileleni, ukashuka na kuwa Turkwel, mto unaomwaga maji yake Ziwa Turkana. Yaani mfugaji wa kule kwenye jua kali anakunywa mvua ya Elgon.

Lakini kinachofanya mlima huu usiwe kama mwingine ni mapango, hasa Kitum.

Sikiliza. Mvua nyingi za mlimani huosha madini kutoka udongoni, kwa hivyo majani ya huko hayana chumvi ya kutosha. Mnyama mkubwa kama ndovu atafanyaje? Anaifuata chumvi iliko, na iko ndani ya mwamba. Usiku familia nzima ya ndovu huingia Kitum kwa mstari, pango linalozama mita 200 hivi mlimani. Ndani ni giza totoro, macho hayasaidii kitu. Ndovu hupapasa njia kwa mkonga, akivuka mawe yaliyoanguka na nyufa ambazo ndama akiteleza hatoki. Akifika ukutani, huchokoa mwamba kwa pembe, hubeba vipande kwa mkonga na kuvisaga kwa magego.

Joseph Thomson, mpelelezi kutoka Scotland, alipofika hapa mwaka 1883 alidhani mapango haya yamechimbwa na watu. Wakati huo watu waliishi humo kweli, pamoja na mifugo wao. Hao ndio Wakony, jamii ya Wasabaot, ambao jina lao ndilo lililozaa jina Elgon.

Sasa fikiria hivi. Ndama hazaliwi akijua njia ya Kitum. Anaijua kwa kumfuata mama yake, naye mama alimfuata nyanya. Miaka ya 1980 majangili waliwaua ndovu wengi wa mlima huu kwa ajili ya pembe, na wenye pembe kubwa ndio wazee. Nyanya mmoja akipigwa risasi, si nyama na pembe tu zimepotea, ni ramani imezikwa. Ndovu unaweza kuwaleta kutoka mbuga nyingine kwa lori. Lakini nani atawaonyesha mlango wa pango?

Kuna jambo lingine, na sitalificha ili upate hamu ya kwenda. Mwaka 1980, Mfaransa aliyeishi magharibi mwa Kenya alitembelea Kitum, akaugua na kufia Nairobi. Mwaka 1987, mvulana wa miaka 15 kutoka Denmark alizuru pango hilohilo, naye akafa. Wote walikuwa na virusi vya Marburg, ndugu wa Ebola, na popo wala matunda wanajulikana kubeba virusi hivyo. Watu wengi wameingia Kitum wakatoka salama, lakini usijifanye shujaa kwa sababu ya video ya TikTok. Usiende walikolala popo, usishike kinyesi chao, na ukipata homa baada ya safari mwambie daktari ulikuwa wapi.

Nenda na askari wa mbuga, maana nyati wa huko hawana mzaha. Beba tochi, viatu vinavyoshika na sweta nzito. Ukifika mlangoni mwa pango, usikimbilie ndani kwanza. Mulika ukuta. Utaona mikwaruzo ya pembe, mingine mipya, mingine mikuukuu, na mingine iko juu sana hata ukinyoosha mkono huifikii.