Ukifika Ipagala, ulizia maji kwanza

Mpangaji anayehamia Ipagala kutoka Dar es Salaam kwa kawaida huwa na maswali yake tayari: kodi inalipwa miezi mingapi, daladala inapita wapi, mtandao unashika vizuri? Wenyeji wa Dodoma huanza na swali jingine. Nyumba ina simtanki?

TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, lakini kwa miaka zaidi ya arobaini ofisi nyingi zilibaki pwani. Mambo yalibadilika mwaka 2016, Rais John Magufuli alipoagiza Serikali ihame na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia Septemba ya mwaka huo. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Ipagala iko upande wa mashariki, ule wa kwenda stendi ya Nanenane na Mji wa Serikali wa Mtumba, kwa hiyo haikuchelewa kupokea wapangaji. Wageni hawa hawahitaji pasipoti, hawabadilishi fedha, hawajifunzi lugha. Labda ndiyo sababu wengi hufika bila kujiandaa.

Maji ndiyo somo la kwanza. Dar es Salaam ina vuli na masika. Dodoma ina msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Hakuna mto wa kudumu unaopita mjini. Kwa miongo mingi jiji limetegemea visima virefu vya Makutupora, kaskazini, na idadi ya watu imekua haraka kuliko mabomba. Mgao ni jambo la kawaida. Kabla ya kumlipa dalali, mgeni amuulize jirani, si dalali mwenyewe, maji hutoka siku zipi na kwa saa ngapi. Kisha atazame simtanki: lina ukubwa gani, limewekwa juu ya mnara au chini, linahudumia familia ngapi.

Halafu kuna ladha. Maji ya visima vingi hapa yana chumvichumvi. Sabuni hugoma kutoa povu, nguo nyeupe hufifia, na birika la umeme hujijengea gamba jeupe ndani ya wiki chache. Gamba hilo halihitaji kukwanguliwa kwa kisu. Chemsha maji yenye siki au ndimu, yaache yatulie, kisha suuza. Chai ya siku za kwanza itamshangaza mtu wa pwani, na si kosa la majani.

Mita ya Luku nayo ikaguliwe mapema. Mita moja ikihudumia vyumba vitano, ugomvi huwa hauko mbali.

Mji huu uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na hewa yake ni kavu. Aliyezoea jasho la Kariakoo atafurahia wiki ya kwanza, kisha midomo itapasuka na miguu itapauka. Mafuta ya mgando yasikosekane nyumbani. Juni na Julai usiku huwa na baridi ya kweli, ya blanketi na sweta, na baadaye upepo huinua vumbi linalopenya hata madirisha yaliyofungwa. Mvua zikianza, makorongo yaliyokuwa makavu miezi yote hugeuka mito kwa saa chache. Anayetafuta kiwanja aende akakione wakati wa mvua, maana kiangazi kila kiwanja ni kizuri.

Jambo ambalo wahamiaji wengi hulipuuza ni kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Dar mtu anaweza kuishi miaka bila kumjua. Lakini siku atakapotakiwa kuwa na barua ya utambulisho, iwe ya kitambulisho cha taifa au ya benki, atalazimika kumtafuta. Heri amjue kabla ya shida.

Kwenda kusalimia pwani si safari ya kutwa tena. Tangu katikati ya 2024 treni ya SGR huunganisha Dodoma na Dar es Salaam kwa takriban saa tatu na nusu. Kitambulisho kisisahaulike, na anayekusudia kusafiri siku za sikukuu akate tiketi mapema.

Wenyeji ni Wagogo, na salamu yao, "mbukwenyi", hufungua mazungumzo sokoni na hata bei hulegea kidogo. Kwenye meza yao kuna ugali wa uwele au mtama na mlenda. Ukiteleza mkononi mara ya kwanza, watu watacheka bila ubaya. Jumamosi wengi huelekea mnada wa Msalato kula nyama choma. Na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo anayehamia Februari hukuta wachuuzi wakiziuza barabarani kabla hajamaliza kufungua maboksi.