Mpira Unaotii Amri Ndani ya Mshipa

Askari ye yote aliyepata mafunzo anajua kwamba amri njema haitoshi kutoka kinywani mwa kamanda. Yapasa ifike kwa mtu wa mbele kabisa kama ilivyotolewa. Amri iliyopotea njiani haina tofauti na amri isiyotolewa. Katika makala haya twataka kuwaeleza wasomaji wetu wa jeshi na wa polisi habari za chombo kimoja cha utabibu ambacho historia yake imekuwa juhudi ya kulitimiza jambo hilo hilo: kuifikisha amri ya mkono wa daktari mpaka kwenye ncha ya mpira mwembamba uliomo ndani ya mwili, mahali pasipoonekana kwa macho, bila kuipoteza njiani wala kumjeruhi mgonjwa.

Chombo hicho ni katheta. Wengi wetu twaifahamu kama mpira wa kutolea mkojo ambao hutumika wodini. Lakini iko katheta ya namna nyingine, ambayo huingizwa katika mshipa wa damu kwenye kinena au kwenye kiwiko cha mkono, ikasafiri mpaka moyoni, kwenye ini, au hata ndani ya ubongo. Unene wake hupimwa kwa kipimo cha Kifaransa, ambacho asili yake ni Joseph Charrière, fundi wa vyombo vya upasuaji wa Paris katika karne ya 19. Katika kipimo hicho namba 3 ni sawa na milimita 1. Katheta ya namba 7, ambayo hutumika sana katika kazi za moyo, ina unene wa milimita 2 na theluthi tu, nayo huwa ndefu kupita mita moja.

Msomaji na atafakari ugumu wa kazi hiyo. Ukisukuma kitu kigumu katika njia yenye kona nyingi, kitatoboa ukuta. Ukisukuma kitu laini, kitajikunja mahali pamoja kisisonge mbele. Mshipa wa binadamu hausamehe kosa lo lote kati ya hayo mawili.

Mtu wa kwanza anayejulikana kuufikia moyo wa mtu hai kwa njia hii aliufikia moyo wake mwenyewe. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana wa miaka 25, Werner Forssmann, ambaye mkubwa wake alikuwa amemkataza, alijichoma mshipa wa mkono wa kushoto, akapenyeza katheta ya njia ya mkojo kiasi cha sentimita 65, kisha akatembea kwa miguu yake mpaka chumba cha eksirei. Picha ilionyesha ncha ya mpira imo moyoni. Katika Vita Kuu ya Pili alitumika kama daktari wa jeshi la nchi yake, na mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards, walioiendeleza kazi hiyo huko New York. Hata hivyo, katheta ya Forssmann haikuwa na usukani. Iliifuata njia ya mshipa, basi.

Hatua ya pili ilikuwa kuipatia katheta kiongozi. Mwaka 1953 Sven Ivar Seldinger wa Stockholm, Sweden, alitoa utaratibu ambao waweza kufundishwa kama gwaride: sindano huingia mshipani, waya laini hupita ndani ya sindano, sindano hutolewa, katheta huteleza juu ya waya, waya hutolewa. Utaratibu huo unatumika mpaka leo dunia nzima. Mwaka 1970, Jeremy Swan na William Ganz wa Los Angeles walitangaza katheta yenye kibofu kidogo cha hewa karibu na ncha, ili mkondo wa damu wenyewe uichukue na kuipitisha moyoni hadi kwenye mshipa wa mapafu. Swan alisimulia kwamba wazo hilo lilimjia alipoona mashua ya tanga baharini. Lakini kila baharia anajua kwamba anayetegemea mkondo peke yake hufika unakokwenda mkondo, wala si lazima iwe ndiko anakotaka yeye.

Usukani wa kweli ulipatikana kwa waya wa kuvuta. Anayetaka kuuelewa na aitazame breki ya baiskeli. Mkono hubana mpini, waya huvutwa ndani ya ala yake, na kipande cha mpira kule gurudumuni husogea. Katika katheta, waya mwembamba hufungwa kwenye pete iliyo karibu na ncha, si katikati bali ubavuni. Daktari akizungusha kifundo cha mpini, waya huvutwa, na ncha huinama upande ule ule waya ulikofungwa. Waya mbili huipindisha pande mbili. Waya nne huipeleka pande nne.

Maelezo hayo ni mepesi, lakini utengenezaji wake si mwepesi. Waya ukivutwa hutaka kuupindisha mpira mzima, si ncha peke yake. Kwa hiyo mafundi waliujenga mwili wa katheta kwa tabaka. Ndani kabisa ni bitana ya plastiki yenye utelezi, ili waya usikwame. Juu yake ni wavu wa nyuzi za chuma cha pua uliosukwa kama ukili. Nje ni plastiki nyingine, ngumu upande wa mpini na laini zaidi kadiri mtu anavyoikaribia ncha. Waya wenyewe mara nyingi huvikwa springi ndefu ambayo huubeba mgandamizo, ili mwili wa mpira usijikunje wakati ncha inapotakiwa kuinama.

Wavu ule wa chuma una kazi nyingine kubwa zaidi. Daktari akiuzungusha mpini nusu duara, ataka ncha nayo izunguke nusu duara. Mpira usio na wavu hujisokota katika kona za mshipa, ukaihifadhi nguvu ile, kisha ghafla ukaiachia. Ncha ikaruka kama mjeledi. Ndani ya moyo unaopiga, mruko huo waweza kuwa ajali. Wavu huifikisha amri ya mkono kwa ukamilifu mkubwa zaidi, nayo bitana huondoa msuguano unaoichelewesha.

Matunda ya ufundi huo yalionekana wazi mwaka 1991. Wako watu wanaozaliwa na njia ya ziada ya umeme moyoni. Kijana mwenye afya, pengine kuruta hodari, mara moyo wake huenda mbio bila sababu, akazimia. Hapo zamani tiba yake ilikuwa dawa za muda mrefu au kupasuliwa kifua. Warren Jackman na wenzake wa Oklahoma, Marekani, walipeleka ncha ya katheta inayopindika mpaka kwenye njia ile, wakaiunguza kwa mkondo wa mawimbi ya redio. Kati ya wagonjwa 166, walifaulu kwa 164. Umeme peke yake usingeyatenda hayo. Sharti ncha ifike mahali penye upana wa milimita chache na itulie hapo.

Jeshi nalo lina mchango wake, ijapokuwa halikuukusudia. Karibu na mwaka 1960, William Buehler wa maabara ya silaha ya jeshi la wanamaji la Marekani alikuwa akitafuta madini ya kufaa ncha za makombora. Akapata mchanganyiko wa nikeli na titani, ambao uliitwa nitinoli, jina lililobeba herufi za maabara ile. Waya wa nitinoli ukipindwa sana hurudia umbo lake badala ya kuvunjika au kubaki na kigongo. Leo huongoza katheta katika kona kali. Watafiti wameutumia pia kutengeneza mirija iliyopindwa tangu mwanzo na kuingizwa mmoja ndani ya mwingine; kila mrija ukizungushwa au kusukumwa, umbo la wote hubadilika, wala hapahitajiki waya wa kuvuta.

Tangu miaka ya 2000 pia zimeingia njia nyingine. Iko mitambo yenye sumaku mbili kubwa, moja kila upande wa kitanda, ambayo huielekeza ncha yenye sumaku ndogo. Mwili wa mpira huo waweza kuwa laini sana, na daktari huketi chumba cha pili, mbali na mionzi ya eksirei. Ziko roboti ambazo huusukuma na kuuzungusha mpira kwa amri ya daktari. Tena ziko ncha zenye kipimo cha nguvu ndani yake. Madaktari wengi hulenga mgandamizo wa kati ya gramu 10 na 40, kwani ukiwa mdogo mno hauunguzi vizuri, na ukizidi waweza kuutoboa moyo. Sasa si amri tu inayokwenda mbele. Taarifa nayo inarudi nyuma.

Je, majeruhi anapata nini? Gari likipinduka na mifupa ya nyonga ikavunjika, damu humwagika ndani, mahali pasipofungika kwa kitambaa. Tangu miaka ya 1970 madaktari wameweza kupeleka katheta mpaka kwenye tawi la mshipa linalovuja na kuliziba, matawi mengine yakaachwa yaendelee na kazi.

Iko pia katheta yenye kibofu ambacho huvimbishwa ndani ya mshipa mkuu ili kuzuia damu isiende chini. Luteni Kanali Carl Hughes wa jeshi la Marekani aliijaribu kwa majeruhi mahututi wa vita vya Korea, akatoa taarifa yake mwaka 1954, hawakuokoka. Chombo hicho kilirudi kikiwa bora zaidi katika miaka ya 2010. Lakini uchunguzi wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2023, wenye majeruhi 90, ulionyesha kwamba katika siku 90 walifariki asilimia 54 ya waliopangiwa kibofu hicho, na asilimia 42 ya waliopewa matibabu ya kawaida peke yake. Sababu moja iliyofikiriwa ni kucheleweshwa kwa kazi ya kuizuia damu penyewe inapotoka.

Funzo hili lisitupite. Katheta si hirizi. Katika kanda yetu, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam na Taasisi ya Moyo ya Uganda huko Mulago zinafanya kazi hii, lakini vyumba vyake viko mijini, na askari huumia barabarani, mpakani na porini. Hakuna ncha, hata iwe tiifu namna gani, inayoweza kumfuata majeruhi huko. Ni mwenzake wa doria atakayemfikisha: atakayekandamiza jeraha kwa nguvu, atakayefunga mguu unaotoka damu, atakayeita gari bila kungoja, na atakayeandika saa aliyofunga kamba ili daktari aijue. Amri ya mkono wa daktari husafiri mita moja tu. Safari yote iliyotangulia imo mikononi mwetu.