Swichi ya mtandao Kabambare: tazama volti kabla ya bei

Kompyuta ndogo mbili tatu za aina ya Raspberry Pi zinatosha kuipa shule maktaba ya Kiwix na masomo ya Kolibri bila intaneti. Kinachoziunganisha ni swichi. Kabambare, mashariki mwa Kongo, mahali ambapo shule hutegemea paneli na betri, swichi ya bei ya chini dukani inaweza kukugharimu zaidi kuliko nyingine zote.

Mlaji mkubwa wa umeme ni inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa soketi, ambao adapta ya swichi ya kawaida huudai. Nyingi hutumia wati 5 hadi 10 kwa kuwashwa tu. Tuseme 8: kwa saa 24 ni wati-saa 192. Swichi yenyewe ya wati 3 hula 72. Paneli ya wati 100, jua likiwa zuri, huleta kama wati-saa 400 kwa siku. Karibu nusu imeliwa na inveta. Kwa hiyo tafuta swichi inayokubali umeme wa betri.

TP-Link LS1005G (nje ya nchi, kama dola 15). Matundu 5, kasi ya gigabiti 1. Adapta yake ni ya volti 5 na ampea 0.6, yaani haipiti wati 3. Kifaa cha dola chache cha kushusha volti 12 hadi 5 kinatosha kuiwasha; ila linganisha kwanza chanya na hasi na maandishi ya adapta.

MikroTik RB260GS (kama dola 40). Hupokea volti 8 hadi 30, hivyo betri ya 12 au 24 huingia moja kwa moja. Pia hutenganisha mtandao wa ofisi na wa wanafunzi.

MikroTik hEX (kama dola 60). Volti hutegemea toleo, kwa hiyo soma lebo kwanza; hii ni ruta kamili: inafaa mkitarajia kuunga satelaiti.

Swichi za PoE, zinazopitisha umeme ndani ya waya wa mtandao, ziache. Ni ghali, zinataka volti karibu 48, na kila Raspberry Pi hudai kibao chake cha ziada.

Je, gigabiti ni lazima? Raspberry Pi 3 B ya mwaka 2016 hukomea megabiti 100, hivyo swichi ya kasi hiyo inaitosha. Kwa Raspberry Pi 4 tofauti ipo: kunakili gigabaiti 100 huchukua saa mbili na zaidi kwa megabiti 100, na kama robo saa kwa gigabiti, diski ikimudu.

Hesabu matundu pia. Kompyuta tatu, Wi-Fi moja, laptopu ya fundi: matano yamejaa. Yenye 8 huongeza dola chache tu, na nauli ya mzigo kutoka Bukavu au Kalemie ni ileile.

Kwa shule ya kawaida, chukua ya TP-Link, na ununue mbili. Ya akiba ni nafuu kuliko kungoja mzigo mwingine msimu wa mvua. MikroTik ni ya mwenye mitandao miwili na fundi wa kuipanga.