Rupia Mbili Baada ya Mgawanyo: Kiwango cha Ubadilishaji kati ya India na Pakistan, 1947–1955

1.0 Utangulizi

Kuanzia Septemba 1949 hadi mwisho wa Julai 1955, rupia 100 za Pakistan zilihesabiwa na serikali yake kuwa sawa na takriban rupia 144 za India. Kabla ya kipindi hicho, na mara tu baada yake, sarafu hizo mbili zilikuwa na thamani sawa. Makala hii inaeleza jinsi tofauti hiyo ilivyozuka, ilivyotetewa na ilivyofutwa. Hoja yake kuu ni kwamba kiwango cha ubadilishaji hakipati nguvu kwa kutangazwa tu. Hukipata pale upande wa pili unapokubali kufanya biashara kwa kiwango hicho. Aidha, anayekitangaza si lazima awe ndiye anayelipa gharama ya kukitetea. Katika mfano huu, sehemu kubwa ya gharama iliwaangukia wakulima wa juti wa Bengal Mashariki.

2.0 Usuli: Nchi Mbili, Sarafu Moja

Pakistan ilipopata uhuru mwezi Agosti 1947, haikuwa na benki kuu wala noti zake yenyewe. Kwa kipindi cha mpito, Reserve Bank of India iliendelea kuzihudumia nchi zote mbili, na noti za India zilizopigwa chapa ya jina la serikali ya Pakistan zikatumika upande wa pili wa mpaka. Hali hiyo ilikoma tarehe 1 Julai 1948, State Bank of Pakistan ilipoanza kazi mjini Karachi. Hata hivyo, kutengana kwa benki hakukutenganisha thamani. Rupia zote mbili zilifungamanishwa na paundi ya Uingereza kwa kiwango cha shilingi 1 na peni 6, hivyo dola moja ya Marekani ilipatikana kwa rupia 3.31 hivi katika nchi zote mbili.

Uchumi nao ulibaki umeungana. Juti, zao la nyuzi za kutengenezea magunia, lilistawi zaidi Bengal Mashariki, iliyokuwa sehemu ya Pakistan. Viwanda vya kuisokota na kuifuma vilikuwa kandokando ya mto Hooghly, karibu na Calcutta, nchini India. Mpaka ulipita kati ya shamba na kiwanda.

3.0 Uamuzi wa Septemba 1949

Tarehe 18 Septemba 1949, Uingereza ilishusha thamani ya paundi kutoka dola 4.03 hadi dola 2.80. India iliifuata, na dola moja ikawa rupia 4.76. Pakistan ilikataa. Serikali ya Waziri Mkuu Liaquat Ali Khan ilikuwa na sababu za kiuchumi: iliamini kuwa wanunuzi wa juti na pamba hawakuwa na pengine pa kwenda, na kwamba rupia yenye thamani kubwa ingepunguza bei ya mitambo iliyohitajika kujenga viwanda. Palikuwa pia na sababu ya kisiasa. Nchi iliyokuwa na umri wa miaka miwili ilitaka kuonekana ikiamua mambo yake bila kuifuata jirani yake.

4.0 Mkwamo wa Biashara

India haikukitambua kiwango hicho kipya. Kukikubali kungemaanisha kuongezeka kwa bei ya juti, kwa rupia za India, kwa zaidi ya asilimia 40, ilhali bei ya magunia ilitegemea soko la dunia. Biashara kati ya nchi hizo ikakwama: juti haikuvuka mpaka kama awali, na India ikazuia makaa ya mawe ambayo reli na viwanda vya Pakistan viliyategemea. Hivyo basi, kiwango cha 144 kilikuwepo katika maandishi, lakini hapakuwa na biashara ya kukithibitisha.

Mzigo haukugawanyika sawa. Viwanda vya Calcutta vilipungukiwa na malighafi, na India ikapanua kilimo cha juti katika majimbo yake yenyewe. Kwa upande wa Pakistan, serikali iliunda Bodi ya Juti na kuweka bei za chini kabisa ili kumlinda mkulima. Hata hivyo, mkulima mdogo mwenye deni hakuweza kulihifadhi zao lake akisubiri mazungumzo ya serikali mbili yafike mwisho.

Kilichoiokoa Pakistan kilitoka nje. Vita vya Korea, vilivyoanza Juni 1950, vilipandisha bei za malighafi duniani. Mwezi Februari 1951 India ilikubali kufanya biashara kwa kiwango cha Pakistan.

5.0 Kurejea kwa Thamani Sawa

Ushindi huo haukudumu. Bei za juti na pamba zilipoanguka, akiba ya fedha za kigeni ya Pakistan ilipungua, na serikali ikabana uagizaji kwa leseni. Mwenye leseni alinunua dola kwa bei nafuu. Mkulima aliyeiuza juti iliyoleta dola hizo alilipwa rupia chache. Kwa kuwa wenye leseni wengi walikuwa Karachi na wakulima wa juti walikuwa Bengal Mashariki, kiwango cha ubadilishaji kikawa njia ya kuhamisha mali kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine. Mwishoni mwa Julai 1955 Pakistan ilishusha thamani ya rupia yake hadi 4.76 kwa dola, sawa na ile ya India. Usawa huo ulidumu hadi Juni 1966, India iliposhusha thamani ya rupia yake hadi 7.50 kwa dola.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaonesha kwamba kulinganisha viwango rasmi pekee hakutoshi. Jedwali lingeonesha namba 144 bila kubadilika kuanzia 1949 hadi 1955, na kuficha vipindi vitatu tofauti: kiwango kilichokataliwa, kilichokubaliwa kwa msaada wa vita vya mbali, na kilichodumishwa kwa leseni. Aidha, malalamiko ya Bengal Mashariki kuhusu mgawanyo wa fedha za kigeni, yaliyokuwa miongoni mwa hoja zilizotangulia kuzaliwa kwa Bangladesh mwaka 1971, hayawezi kueleweka vyema pasipo kurejea uamuzi wa Septemba 1949.