Bièraubeurre ya kwetu: kinywaji cha kwenye filimu, kilichopikwa Uvira juu ya mbabula

Mtoto wa dada yangu ana miaka kumi na moja. Alikuja kushinda kwetu Kimanga siku za mapumziko ya shule, akaangalia filimu ya Harry Potter kwenye simu ya kaka yake, ile iliyotafsiriwa kwa Kifaransa. Ilipofika saa kumi na mbili jioni, upepo wa ziwa umeanza kupiga, akaja jikoni akaniuliza: "Mama mukubwa, ile kinywaji yenye povu bale batoto banakunywa mu filimu, sisi hatuwezi kuipika?"

Nikamwambia ile ni ya wachawi. Akanijibu kwamba sukari tunayo, na maziwa tunayo. Hapo nikakosa la kusema.

Tangu siku hiyo nimeipika mara nyingi, mara mbili nikaiharibu, na wazazi kadhaa wameniomba niwaelezee. Basi hii ni makala yake (makala ya kusoma, ya kuchoma utayahitaji pia, kidogo tu). Lakini kabla ya kuwasha moto tuongee kuhusu kinywaji chenyewe, halafu tuongee kuhusu maji, maana hapa Uvira huwezi kuandika juu ya kikombe ukaacha maji nyuma.

Kinywaji hicho, kwa Kifaransa watoto wanakiita bièraubeurre. Mwandishi J. K. Rowling alikiweka kwenye kitabu chake cha tatu cha Harry Potter, kilichotoka mwaka 1999: wanafunzi wanaenda kijiji cha Pré-au-Lard wakati wa baridi, wanaingia kwenye nyumba ya vinywaji inayoitwa Trois Balais, wanapata vikombe vya moto. Ndani ya vitabu kina kileo kidogo, hata kuna kiumbe mdogo wa kazi za nyumbani anayelewa nacho. Kile kinachouzwa leo kwenye bustani za michezo za Marekani hakina kileo, na hiki chetu pia hakina.

Tena si mambo ya kubuni tupu. Mwishoni mwa miaka ya 1500 Waingereza walikuwa na bia ya siagi kweli, na vitabu vyao vya mapishi vya wakati ule vinaeleza: bia inachemshwa, inatiwa sukari, viini vya mayai, siagi, tangawizi, karafuu. Ukiondoa bia na mayai, kinachobaki ni vitu ambavyo mama yeyote wa hapa anavijua: sukari, siagi, tangawizi. Ongeza maziwa, umemaliza orodha.

Sasa maji.

Kipindupindu hapa kwetu si mgeni, kinarudi karibu kila mwaka. Kuna uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ambao kila mkaaji wa Uvira angepaswa kuujua. Watafiti walichukua hesabu za wagonjwa waliopokelewa kwenye kituo cha matibabu ya kipindupindu cha hapa mjini kuanzia 2009 hadi 2014, wakaziweka kando ya hesabu za maji yaliyotolewa na REGIDESO siku kwa siku. Walikuta kwamba baada ya siku moja bila maji ya bomba, katika siku 12 zilizofuata wagonjwa wa kushukiwa walikuwa, kwa wastani, zaidi ya mara mbili ukilinganisha na wakati maji yanatoka vizuri. Sababu yake hatuhitaji kusomewa: bomba likikauka, tunateremka na bidoni ziwani au mtoni. Wale waliokuwa hapa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba za watu, wanakumbuka jinsi maji safi yalivyokuwa shida baadaye.

Ndiyo maana napenda kinywaji hiki kuliko juisi baridi ya mifukoni ambayo watoto wananunua njiani. Hiki kinachemka. Maji yakichemka kabisa, yale ya kugeukageuka na mapovu makubwa, dakika moja inatosha kuua vidudu vya kipindupindu hapa kando ya ziwa. Ndugu zetu wa Hauts Plateaux, wale wanaoishi juu ya mita 2,000, wao waache yachemke dakika tatu, kwa sababu kule juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Na kama maji yako yana udongo, yaache yatulie kwanza, uyachuje na kitambaa safi, ndipo uyaweke jikoni.

Lakini nitawaambia nilivyokosea mimi. Mara ya kwanza nilichemsha kila kitu vizuri sana, nikajisifu. Halafu nikaona vikombe vina vumbi, nikavisuuza haraka haraka kwenye beseni. Maji ya beseni yalitoka wapi? Ziwani, asubuhi, bila kutiwa dawa. Mume wangu ndiye aliyeshtuka akaniuliza. Ningewapa watoto kinywaji salama ndani ya kikombe kichafu. Siku hizi nachemsha maji ya ziada, nayatumia kusuuza vikombe, na watoto wananawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chochote.

Haya, tupike. Kwa vikombe vinne vya chai unahitaji vijiko vitano vya supu vya sukari, kijiko kimoja na nusu cha siagi, kikombe kimoja cha maji, vikombe vitatu vya maziwa, kipande cha tangawizi kama kidole gumba, na chumvi kidogo sana, ile unayoshika kwa ncha za vidole viwili. Karafuu moja au kijiti cha mdalasini kama vipo. Visipokuwepo usihangaike.

Sukari nyeupe ni rahisi zaidi kwa mtu anayeanza, kwa sababu unaona rangi ikibadilika. Sukari ya kahawia inaleta ladha nzuri lakini inakudanganya: tangu mwanzo ina rangi, hujui imefika wapi hadi inaungua. Wazee wetu wakinusa sukari inayochomwa wanaanza kuongea juu ya Kiliba. Kiwanda cha sukari cha pale, katika bonde la Ruzizi, kilijengwa miaka ya 1950 na kilisimama na vita vya 1996, na kuna watu wazima hapa mjini waliokulia kwenye harufu ya miwa ikipikwa. Kwa miaka mingi sasa sehemu kubwa ya sukari tunayotia kwenye chai imekuwa ikivuka mpaka au ziwa kabla ya kufika kwetu. Hiyo ni habari ya siku nyingine, ila ukinunua sukari hapa Uvira unakunywa pia habari hiyo.

Kwanza chemsha maziwa peke yake, uyaweke kando yakiwa ya moto. Maziwa mabichi ya ng'ombe, yale yanayoshuka mjini asubuhi kwenye bidoni ndogo, yachemshwe mpaka yapande, uyateremshe, uyarudishe yapande tena. Yanaweza kubeba homa ya kutupa mimba ya ng'ombe na hata kifua kikuu, na ladha yake tamu haikuonyeshi kitu. Kama unatumia maziwa ya unga, koroga na maji yaliyokwisha kuchemka, si maji ya bidoni.

Sasa weka sukari kavu ndani ya sufuria nzito, moto mdogo wa makala. Usitie maji. Usiondoke. Itakaa kimya dakika chache kama inakudharau, halafu pembeni itaanza kuyeyuka. Tikisa sufuria taratibu, au geuza na kijiko cha mti. Itakuwa ya njano, kisha rangi ya asali. Inapofika rangi ya chai ya rangi, teremsha hapo hapo. Ukingoja nusu dakika zaidi inakuwa nyeusi na chungu, na hakuna dawa ya kuirudisha. Mimi nimemwaga sukari ya namna hiyo mara mbili, na kwa bei ya sukari ya sasa inauma.

Hapa watoto wakae mbali. Ninasema hivyo bila utani. Maji yanayochemka yana joto la digri 100, sukari iliyoyeyuka inapita 160, na tena inanata kwenye ngozi. Mtoto akiungua, mwagilia maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika ishirini, usipake siagi, wala dawa ya meno, wala mafuta, umpeleke kituo cha afya kama kidonda ni kikubwa au kiko usoni au mkononi.

Sufuria ikiwa chini ya moto, tia siagi na chumvi, koroga. Itapanda na kutoa povu, usiogope. Halafu tia maji ya moto kidogo kidogo, uso ukiwa umeugeuza pembeni, kwa sababu mvuke unaruka. Sukari inaweza kuganda kama jiwe. Rudisha kwenye moto, itayeyuka yenyewe. Sasa tia tangawizi iliyosagwa na karafuu, acha vichemke pamoja dakika tano.

Dakika hizo tano za tangawizi usiziruke. Tangawizi mbichi ina kitu ndani yake kinachokata maziwa, yanagawanyika kama mtindi uliokosea. Wachina wanakitumia kwa makusudi kugandisha maziwa yao. Sisi hatukitaki hapa, na moto unakiua. Kwa hiyo tangawizi ipikwe kwanza na maji ya sukari, maziwa yaje mwisho. Mama mmoja wa Kavimvira alikuwa ameniambia maziwa ya siku hizi ni mabaya, yanakatika hovyo. Tulipoongea vizuri nikagundua alikuwa anatia tangawizi mbichi ndani ya maziwa ya vuguvugu.

Chuja kwa kichujio cha chai, changanya na maziwa ya moto, pasha mara moja tu bila kuacha yamwagike. Umemaliza.

Povu lile la kwenye filimu linatokana na kumimina. Chukua vikombe viwili vikubwa vya chuma, mimina kutoka juu kwenda chini, kutoka kimoja hadi kingine, mara nane au kumi, kama wauza chai wanavyofanya. Usitie kinywaji cha moto kwenye chupa ya plastiki ukaitikisa. Kifuniko kitaruka na utajichoma.

Kuhusu siagi: siagi ya maziwa inanukia vizuri zaidi. Blue Band inakubali pia, na wengi ndiyo tuliyo nayo, ila punguza chumvi kwa sababu yenyewe inayo. Mawese hapana. Nilijaribu. Mawese ni ya sombe.

Na kama maziwa hakuna? Kuna nyumba nyingi ambazo maziwa si ya kila siku, na sipendi mapishi yanayojifanya hayajui hilo. Kaanga karanga, uzisage laini, koroga vijiko viwili na maji ya moto, tumia badala ya maziwa. Inakuwa nzito na inashibisha. Maziwa ya soya yanafaa pia, mradi yawe yamechemshwa vizuri. Lakini njia ninayoipenda mimi ni kupika masoso yako ya kawaida, ya mahindi, soya na mtama, mepesi kidogo, halafu badala ya kutia sukari nyeupe unamimina ile sukari iliyochomwa na siagi na tangawizi. Mtoto anakunywa kinywaji cha filimu, mama anajua kuna chakula ndani.

Hiki ni kinywaji cha starehe, cha siku moja kwa juma labda. Sukari yake ni nyingi. Mwenye ugonjwa wa sukari asikipate, na mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama peke yake. Mtoto aliyekonda, au aliyevimba miguu, apelekwe kituo cha afya, maana huyo anahitaji chakula cha dawa chenye vipimo. Na wale wakubwa ambao wameanza kuniuliza kama wanaweza kuongeza kanyanga kidogo ili "bière" iwe bière kweli: sufuria ya watoto iacheni.

Joto la Uvira halina huruma na maziwa. Kinywaji kilichobaki kiwekwe kwenye termosi kikiwa cha moto sana, kinywewe jioni ile ile. Kikikaa nje saa mbili, kimwage. Kinachoweza kukaa ni ile sukari iliyochomwa kabla haijakutana na maziwa: iweke kwenye chupa safi yenye kifuniko, na jioni nyingine unachemsha maziwa tu.

Mtoto wa dada yangu alipopata kikombe chake cha kwanza alikiangalia povu kwanza, akanywa, akafuta mdomo. Nikamwuliza, je, ni kama ya kwenye filimu? Akafikiri. "Mama mukubwa," akasema, "mu filimu habatie tangawizi." Halafu akanyoosha kikombe aongezewe.